Jimbo la Clare Mashariki: kiti kimoja, mabunge mawili

Katika historia ya siasa za Ireland, kaunti ya Clare hutajwa hasa kwa chaguzi mbili: ule wa mwaka 1828, uliompa ushindi Daniel O'Connell, na ule wa mwaka 1917, uliompa ushindi Éamon de Valera. Wasimulizi wengi huziunganisha chaguzi hizi kana kwamba wapiga kura wale wale wa jimbo lile lile walirudia tendo lao baada ya miaka 89. Sivyo ilivyokuwa. O'Connell alichaguliwa na jimbo la kaunti nzima, lenye viti viwili, ambamo mpiga kura alitamka jina la mgombea wake kwa sauti mbele ya hadhara na mara nyingi mbele ya macho ya mwenye ardhi aliyompangisha shamba. De Valera alichaguliwa na Clare Mashariki, jimbo la kiti kimoja lililoundwa mwaka 1885 na kufa kisheria mwaka 1922, ambamo kura ilipigwa kwa siri na wakulima wengi walikuwa wamekwishanunua, au walikuwa njiani kununua, ardhi waliyokuwa wakiilima.

Kwa maoni yangu, historia ya jimbo hili haieleweki kwa kufuata majina ya wabunge peke yake. Jimbo la uchaguzi ni mpaka uliochorwa, ni daftari la watu wanaoruhusiwa kupiga kura, na ni bunge ambalo aliyechaguliwa anatarajiwa kwenda kukaa. Huko Clare mambo haya matatu yalibadilika kila moja kwa wakati wake na kwa sababu zake, na zaidi ya mara moja badiliko la kisheria ambalo watu wachache walilitilia maanani ndilo lililofungua njia ya kishindo kilichofuata.

Kaunti yenye viti viwili

Clare iko magharibi ya Ireland, kati ya Bahari ya Atlantiki na mto Shannon, na mji wake mkuu ni Ennis. Kabla ya mwaka 1801 Ireland ilikuwa na bunge lake mjini Dublin, lenye wabunge 300 katika baraza la chini, ambamo kila kaunti kati ya kaunti 32 ilipeleka watu wawili, na wengi wa waliosalia walitoka katika miji midogo iliyokuwa mikononi mwa familia za mabwana wakubwa. Sheria ya Muungano, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1801, ilivunja bunge hilo na kuipa Ireland viti 100 katika bunge la London. Clare ilibaki na viti vyake viwili vya kaunti, na mji wa Ennis, uliokuwa na viwili, ukabakiwa na kimoja.

Haki ya kupiga kura katika kaunti ilifungwa kwenye ardhi. Mtu aliyekuwa na shamba kwa mkataba wa muda wa maisha, lenye thamani ya angalau shilingi 40 kwa mwaka baada ya kutoa kodi, alihesabiwa kuwa mwenye milki huru na aliandikishwa kama mpiga kura. Mwaka 1793 Wakatoliki, ambao ndio waliokuwa wengi mno katika Clare, waliruhusiwa kuingia katika daftari hilo. Wenye ardhi, ambao kwa sehemu kubwa walikuwa Waprotestanti, hawakuliogopa jambo hili, walilifurahia. Kila mkataba mpya wa maisha uliotolewa kwa mkulima maskini uliongeza kura moja kwa bwana wake, kwa sababu kura ilitamkwa wazi na mkulima aliyemwasi bwana wake alijua kwamba malimbikizo ya kodi yake yangedaiwa siku inayofuata. Kwa zaidi ya miaka thelathini mpango huo ulifanya kazi kama walivyotaka, na makundi ya wapangaji yalipelekwa kupiga kura yakiongozwa na wakala wa shamba.

Kitu kilichouvunja mpango huo kilikuwa Jumuiya ya Wakatoliki, iliyoanzishwa mwaka 1823. O'Connell, wakili kutoka kaunti ya Kerry, aliifanya jumuiya hiyo kuwa ya umma kwa kuweka mchango wa peni moja kwa mwezi, ambao hata maskini angeweza kuumudu na ambao ulikusanywa kwa msaada wa mapadre wa parokia. Mwaka 1826, katika kaunti ya Waterford, wapangaji walimwangusha mgombea wa familia ya Beresford, iliyozoea kukitawala kiti hicho. Ilionekana, kwa mara ya kwanza kwa ukubwa huo, kwamba mpangaji anaweza kusimama upande wa padre wake dhidi ya bwana wake na wala asiachwe peke yake.

Uchaguzi wa Clare wa mwaka 1828 ulitokana na kifungu cha sheria ambacho leo kinahitaji kuelezwa. Kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1707, mbunge aliyekubali wadhifa wa malipo chini ya Mfalme alipoteza kiti chake papo hapo na alilazimika kurudi kwa wapiga kura kuomba upya. William Vesey-FitzGerald, mbunge wa Clare tangu 1818, aliteuliwa na waziri mkuu Wellington kuiongoza Bodi ya Biashara. Yeye mwenyewe alikuwa rafiki wa madai ya Wakatoliki na hakuwa na sifa mbaya katika kaunti yake, lakini Jumuiya ya Wakatoliki ilikwisha kuazimia kumpinga kila mtu atakayeiunga mkono serikali ya Wellington. Kwa kuwa hakupatikana Mprotestanti wa kusimama dhidi yake, O'Connell alijitokeza mwenyewe.

Hapa ndipo wasomaji wengi hutatizika. Ikiwa Mkatoliki hakuruhusiwa kuwa mbunge, aliwezaje kugombea? Jibu ni kwamba sheria haikumkataza kuchaguliwa, ilimkataza kukaa. Kila mbunge alipaswa kula kiapo cha kukiri mamlaka ya Mfalme juu ya Kanisa na kutoa tamko la kuyakana mafundisho ya Misa, jambo ambalo Mkatoliki mwenye imani yake hangeweza kulifanya. Mlango wa kwanza ulikuwa wazi na wa pili umefungwa, na O'Connell aliamua kupita wa kwanza akiwa na maelfu ya watu nyuma yake ili serikali ilazimike kutoa hoja ya kuufunga ule wa pili.

Upigaji kura ulifanyika Ennis kwa siku kadhaa, hadi tarehe 5 Julai 1828. Wakulima waliingia mjini kwa misafara wakiongozwa na mapadre, kwa utulivu na bila ulevi, na utulivu huo ndio ulioishtua serikali kuliko fujo ambazo ingeweza kuzituliza kwa askari. O'Connell alipata kura 2,057 na Vesey-FitzGerald kura 982. Wellington na waziri wake Robert Peel, ambao hawakuwa na mapenzi yoyote na hoja hiyo, walihitimisha kwamba kuendelea kukataa kungeleta hatari ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, na tarehe 13 Aprili 1829 sheria ya kuwafungulia Wakatoliki bunge ilipata idhini ya Mfalme.

Ushindi huo ulikuwa na gharama, na naamini gharama hiyo haitajwi vya kutosha. Siku ile ile sheria nyingine ilipandisha kiwango cha mali ya mpiga kura wa kaunti kutoka shilingi 40 hadi pauni 10, yaani mara tano, na wapiga kura wa kaunti zote za Ireland wakapungua kutoka zaidi ya 200,000 hadi takribani 37,000. Watu walioshinda uchaguzi wa Clare waliondolewa katika daftari kwa sababu walikuwa wameshinda. O'Connell mwenyewe alifika bungeni tarehe 15 Mei 1829, akaambiwa kwamba kiapo kipya ni cha wale watakaochaguliwa baada ya sheria, akakataa kula kile cha zamani, na kurudishwa Clare, ambako alipita bila kupingwa tarehe 30 Julai. Aliingia bungeni mwanzoni mwa mwaka uliofuata, na katika uchaguzi mkuu wa 1830 akahamia kaunti ya Waterford. Uhusiano wake na Clare kama mbunge ulidumu kwa muda mfupi mno ukilinganisha na umaarufu alioupatia.

Miongo iliyofuata ilikuwa migumu. Njaa Kuu iliyoanza mwaka 1845 iliipiga Clare vibaya, na wapangaji wengi walifukuzwa mashambani, hasa katika eneo la Kilrush. Mwaka 1841 kaunti ilikuwa na watu zaidi ya 286,000. Mwaka 1911 walibaki takribani 104,000. Sheria ya mwaka 1850 iliwarudishia kura baadhi ya wakulima, ikiongeza daftari la Ireland zaidi ya mara tatu, lakini kura iliendelea kutamkwa kwa sauti, na matokeo yake yalionekana tarehe 22 Julai 1852 mjini Sixmilebridge, ambako askari waliokuwa wakiwasindikiza wapangaji kwenda kupiga kura waliufyatulia risasi umati na kuua watu. Kura ya siri ilikuja mwaka 1872.

Mtu mmoja anaunganisha kipindi chote hiki. Anaitwa O'Gorman Mahon, aliyekuwa miongoni mwa vijana waliompigania O'Connell huko Ennis mwaka 1828. Aliwahi kuuwakilisha mji wa Ennis katika miaka ya Njaa Kuu, na mwaka 1879, akiwa na karibu miaka 80, alichaguliwa mbunge wa Clare akiwa upande wa Charles Stewart Parnell, mwanasiasa aliyekuja kuwaongoza wabunge wa Ireland waliodai kujitawala. Alikuwa bado mbunge jimbo hilo la kaunti lilipofutwa.

Mpaka mpya wa mwaka 1885

Sheria mbili zilifuatana. Ya mwaka 1884 iliwapa kura wanaume wakuu wa kaya katika kaunti kama ilivyokuwa kwa wale wa mijini, na daftari la Ireland likapanda kutoka watu wapatao 226,000 hadi zaidi ya 700,000. Ya mwaka 1885 ilichora mipaka upya ili karibu kila jimbo liwe na mbunge mmoja, kwa utaratibu ambao wasomaji wa Kenya na Tanzania wanaufahamu, kwa kuwa uliletwa na watawala wale wale: aliyepata kura nyingi zaidi ndiye mshindi, hata kama hakufikia nusu. Kiti cha Ennis kilifutwa na kaunti ikagawanywa kuwa Clare Mashariki na Clare Magharibi. Ireland kwa ujumla ilibaki na viti 103 ingawa watu wake walikuwa wakipungua na wa Uingereza wakiongezeka, kwa sababu hakuna serikali iliyotaka kuwasha moto wa kuvipunguza.

Clare Mashariki ilichukua sehemu ya kaunti inayotazama mto Shannon na ziwa Derg, pamoja na Killaloe, Scarriff, Tulla na Sixmilebridge, na mji wa Ennis uliingizwa humo. Pwani ya Atlantiki ikawa ya Clare Magharibi. Matokeo yake ni kwamba mji ule ule ambao O'Connell aliushinda uliendelea kuwa jukwaa la kutangazia matokeo, na hiyo ni sababu mojawapo ya watu kudhani jimbo halikubadilika.

Mbunge wa kwanza wa Clare Mashariki alikuwa Joseph Richard Cox wa Chama cha Bunge cha Ireland, chama cha Parnell kilichodai utawala wa ndani, yaani bunge la Dublin lenye mamlaka juu ya mambo ya Ireland huku nchi ikibaki chini ya Mfalme. Chama hicho kilipopasuka mwishoni mwa 1890 kwa sababu ya kesi ya talaka iliyomhusu Parnell, Cox alisimama na wengi waliomkataa kiongozi wao. Wapiga kura hawakumfuata. Mwaka 1892 wafuasi wa Parnell, ambaye alikuwa amekwishafariki, walipata viti tisa tu katika Ireland yote, na majimbo yote mawili ya Clare yalikuwa miongoni mwa hivyo tisa. Kiti cha Mashariki kilichukuliwa na Willie Redmond, ndugu mdogo wa John Redmond aliyekuja kuwa kiongozi wa chama kilipoungana tena mwaka 1900.

Naongeza neno kuhusu Clare Magharibi kwa sababu linaonyesha jinsi wabunge hawa walivyotofautiana, na kwa sababu linagusa bara letu. Mwaka 1892 jimbo hilo lilimchagua Rochfort Maguire, mshirika wa Cecil Rhodes na mmoja wa watu watatu waliokwenda kwa Mfalme Lobengula mwaka 1888 kupata hati ya madini iliyowafungulia Waingereza njia ya kuitwaa Zimbabwe. Tangu 1909 likawakilishwa na Arthur Lynch, ambaye alikuwa ameongoza kikosi cha Wairish upande wa Makaburu dhidi ya Waingereza, akahukumiwa kifo kwa uhaini na kusamehewa. Wote wawili walikuwa na nafasi katika siasa za utawala wa ndani.

Katika miaka ya Redmond mambo mawili yalikuwa yakibadilika chini kwa chini. La kwanza ni ardhi. Kumbukumbu ya kufukuzwa kwa wapangaji huko Bodyke mwaka 1887, ndani ya Clare Mashariki, ilikuwa bado mbichi, lakini sheria za ununuzi wa ardhi, hasa ya mwaka 1903, ziliwawezesha wapangaji kununua mashamba kwa mikopo ya serikali. Nguvu ya mwenye ardhi juu ya kura, ambayo kura ya siri ilikuwa imeikata mizizi, sasa ilipoteza hata shina. La pili ni uchakavu wa chama. Katika sehemu kubwa ya Ireland wagombea wa Chama cha Bunge walikuwa wakipita bila kupingwa, au bila ushindani wa maana, uchaguzi baada ya uchaguzi. Kamati za kata zilizokuwa zikikusanya watu katika siku za Parnell zilibaki majina, na kijana wa Clare aliyefikisha miaka 21 baada ya mwaka 1900 hakuwa na sababu kubwa ya kukitegemea chama hicho wala kukiogopa.

Kiti chawa wazi

Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914, sheria ya utawala wa ndani ilipitishwa na kuahirishwa kwa pamoja. John Redmond aliwahimiza Wairish wajiunge na jeshi la Uingereza, akiamini kwamba uaminifu wao utalipwa vita vitakapokwisha. Willie Redmond hakutaka kuwahimiza wengine yeye akibaki nyumbani. Alijiunga akiwa amekwisha kupita miaka 50, akatumikia katika Divisheni ya 16, na tarehe 7 Juni 1917 akajeruhiwa katika mapigano ya Messines, Ubelgiji. Waliombeba kutoka uwanjani walikuwa wanajeshi wa Divisheni ya 36 ya Ulster, yaani Waprotestanti waliokuwa wameapa kuupinga utawala wa ndani kwa silaha. Alifariki siku hiyo hiyo. Aliamini kwa dhati kwamba damu iliyomwagika pamoja ingewapatanisha Wairish, na sioni kwamba kushindwa kwa imani hiyo kunapunguza heshima anayostahili.

Lakini nchi aliyoiacha haikuwa ile aliyoondoka. Uasi wa Pasaka wa Aprili 1916 mjini Dublin ulikuwa umezimwa kwa muda wa wiki moja, na viongozi wake kupigwa risasi mmoja baada ya mwingine kwa siku kadhaa mwezi Mei, na mauaji hayo yakageuza hasira ya watu kutoka kwa waasi kwenda kwa serikali. Chama cha Sinn Féin, ambacho hakikuuandaa uasi huo ingawa serikali na magazeti walikibebesha jina lake, kikawa mkusanyiko wa wote waliokichoka Chama cha Bunge. Mwezi Februari 1917 kilisaidia kushinda Roscommon Kaskazini, na mwezi Mei kikachukua Longford Kusini kwa tofauti ya kura 37 kwa mgombea aliyekuwa gerezani.

De Valera alikuwa miongoni mwa makamanda wa uasi ambao hukumu zao za kifo zilibadilishwa kuwa kifungo cha maisha. Aliachiliwa pamoja na wafungwa wenzake katikati ya Juni 1917, siku chache tu baada ya kifo cha Redmond, serikali ikitarajia kupoza mambo. Alikuwa mwalimu wa hisabati asiye na uzoefu wa majukwaa wala mizizi katika Clare. Aliingia kwenye kampeni akiwa amevaa sare ya Wanajeshi wa Kujitolea, kikosi cha silaha cha wazalendo wa Ireland, na vijana wa kikosi hicho walilinda mikutano na kusimamia utulivu mjini Ennis. Mapadre wengi, hasa vijana, walimpokea. Kilichomsaidia zaidi kilikuwa hofu ya kuandikishwa jeshini kwa lazima, kwa sababu sheria ya namna hiyo ilikwisha kutumika Uingereza tangu mwaka uliotangulia na kila familia yenye mtoto wa kiume ilijua kwamba zamu ya Ireland inaweza kufika.

Mpinzani wake, Patrick Lynch, hakuwa mtu dhaifu. Alikuwa mwenyeji wa Clare, wa ukoo wenye watu wengi na urafiki mpana katika jimbo, wakili mashuhuri aliyewahi kuiendeshea serikali mashtaka. Wadhifa huo wa mwendesha mashtaka ndio wapinzani wake waliomsakama nao. Tarehe 10 Julai 1917 kura zilipigwa, na matokeo yalipotangazwa de Valera alikuwa amepata 5,010 dhidi ya 2,035 za Lynch.

Tofauti hiyo ya kura 2,975 ina uzito mkubwa zaidi tukiliangalia daftari. Maelezo ya kawaida husema kwamba Sinn Féin ilipanda kwa sababu mwaka 1918 vijana na wanawake waliingizwa kwa wingi katika upigaji kura. Katika Clare Mashariki maelezo hayo hayatoshi. Uchaguzi mdogo wa 1917 ulifanyika kwa kanuni za mwaka 1884: hapakuwa na mwanamke hata mmoja aliyepiga kura, na vijana wengi walioshangilia barabarani hawakuwamo daftarini. Waliomchagua de Valera walikuwa wanaume wenye kaya, wakulima na wafanyabiashara wadogo, watu wale wale ambao miaka saba kabla walikuwa radhi kumwacha Redmond aendelee. Kwa hiyo kilichotokea Clare kilikuwa wapiga kura wa zamani kubadili msimamo, jambo ambalo Chama cha Bunge kilipaswa kuliogopa zaidi ya ongezeko lolote la wapiga kura wapya. Lynch naye alibadili msimamo baadaye: alijiunga na upande wa de Valera na mwaka 1936 akawa Mwanasheria Mkuu katika serikali yake.

Mbunge asiyekaa bungeni

Tangu siku hiyo Clare Mashariki ikawa na mbunge ambaye hakukusudia hata kidogo kwenda London. Kisheria jambo hili liliwezekana kwa mlango ule ule aliopitia O'Connell, ingawa kwa nia iliyo kinyume: mbunge asiyekula kiapo hawezi kukaa wala kupiga kura, lakini kutokula kiapo hakumwondolei kiti. Kiti kilibaki chake, na jimbo likabaki na uwakilishi wa karatasi. O'Connell alitaka kiapo kibadilishwe ili aingie. De Valera hakutaka kuingia kwa kiapo cha aina yoyote.

Uchaguzi mkuu wa Desemba 1918 ulifanyika baada ya sheria mpya kuwapa kura wanaume wote wa miaka 21 na zaidi na wanawake wa miaka 30 waliotimiza masharti ya mali, na daftari la Ireland likakaribia watu milioni mbili. Sinn Féin ilichukua viti 73 kati ya 105, na 25 kati ya hivyo bila kupingwa. Majimbo yote mawili ya Clare yalikuwa miongoni mwa hayo 25. De Valera, aliyekuwa tena gerezani, safari hii Lincoln, alipita Mashariki na Brian O'Higgins akapita Magharibi. De Valera alishinda pia Mayo Mashariki dhidi ya John Dillon, kiongozi wa mwisho wa Chama cha Bunge.

Tarehe 21 Januari 1919 wabunge wa Sinn Féin waliokuwa huru walikutana Dublin na kujitangaza kuwa Dáil Éireann, bunge la Ireland. Mialiko ilipelekwa kwa wote waliochaguliwa nchini, wakiwamo Waprotestanti wa kaskazini, lakini waliohudhuria walikuwa 27 tu, kwa kuwa wengi wa wenzao walikuwa kizuizini. Hapo ndipo Clare Mashariki ilipoanza maisha mawili. Kwa sheria ya Uingereza lilikuwa jimbo la bunge la London lenye mbunge mtoro; kwa Dáil lilikuwa jimbo la jamhuri, na mjumbe wake, baada ya kutoroka gerezani Februari 1919, alichaguliwa mwezi Aprili kuwa mkuu wa serikali. Mpaka ulikuwa mmoja, uchaguzi ulikuwa mmoja, na kila upande ulisoma matokeo yale yale kama uthibitisho wa sheria yake.

Serikali ya Uingereza ndiyo iliyouvuruga mpaka huo kwanza. Sheria ya mwaka 1920 iliigawa Ireland na kuunda bunge la kusini lenye viti 128, likichaguliwa kwa majimbo makubwa na kwa kura inayohamishika, ambamo mpiga kura huwapanga wagombea kwa nambari. Kwa ajili ya bunge hilo kaunti nzima ya Clare ikawa jimbo moja la viti vinne. Mwezi Mei 1921 hakuna kiti hata kimoja kati ya 128 kilichoshindaniwa: Sinn Féin ilipata 124, na vinne vikaenda kwa Chuo Kikuu cha Dublin. Bunge la kusini lilipofunguliwa, ni wabunge wanne hao tu wa chuo kikuu waliofika. Waliosalia walilichukulia zoezi lote kuwa uchaguzi wa Dáil ya pili. De Valera, O'Higgins, Patrick Brennan na Seán Liddy wakaiwakilisha Clare humo.

Kwa muda, basi, mtu wa Scarriff alikuwa chini ya majimbo mawili: Clare Mashariki kwa ajili ya London na Clare ya viti vinne kwa ajili ya Dublin, na mjumbe wake katika yote mawili alikuwa yule yule. Mkataba wa Desemba 1921 kati ya Uingereza na wajumbe wa Dáil, ulioipa Ireland ya kusini kujitawala ndani ya himaya ya Uingereza badala ya jamhuri na uliokubaliwa na Dáil kwa kura 64 dhidi ya 57 tarehe 7 Januari 1922, uliwagawa wajumbe wa Clare katikati, de Valera na O'Higgins wakiupinga, Brennan na Liddy wakiuunga mkono. Katika uchaguzi wa Juni 1922 wote wanne walirudi bila kupingwa, siku chache kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kuanza.

Kifo cha Clare Mashariki hakikuvuta macho ya mtu. Sheria ya Uingereza ya mwezi Machi 1922, iliyoidhinisha mkataba, ilizuia hati za kuitisha uchaguzi zisipelekwe tena katika majimbo ya kusini ya Ireland, na bunge la London lilipovunjwa tarehe 26 Oktoba 1922 jimbo likatoweka pamoja nalo. De Valera wakati huo alikuwa mafichoni, akitafutwa na serikali ya Wairish wenzake.

Jimbo la Clare lililopigiwa kura Agosti 1923 lilikuwa jingine tena, la viti vitano, na daftari lake liliwajumuisha wanaume na wanawake wote wa miaka 21. Uchaguzi huo ndio wa kwanza wa wabunge ulioshindaniwa katika eneo la Clare Mashariki tangu tarehe 10 Julai 1917, kwa sababu ule wa 1918, wa 1921 na wa 1922 yote ilipita bila kupingwa. Wanawake wa Scarriff na Killaloe waliopewa kura mwaka 1918 walingoja hadi hapo ili kumchagua mbunge kwa mara ya kwanza. De Valera alikamatwa jukwaani Ennis tarehe 15 Agosti alipojitokeza kuhutubia, na siku kumi na mbili baadaye, akiwa kizuizini, akapata zaidi ya kura 17,000, zaidi ya mara mbili ya zile za Eoin MacNeill, waziri aliyeletwa kupambana naye. Aliendelea kuiwakilisha Clare hadi Juni 1959, alipokwenda kuwa rais wa nchi.